Dar es Salaam kwa Jicho la Fundi: Mwongozo wa Kutafuta Mawazo Makumbushoni na Mitaani

Kila anayeishi kwa kubuni hufika mahali mawazo yakamkauka, awe mchoraji, mshonaji, mwandishi wa tamthilia, seremala au kijana anayetengeneza matangazo kwa simu. Ushauri anaopewa ni ule ule: toka, tembea, utapata mawazo. Basi anatoka. Anaingia Makumbusho ya Taifa, anazunguka vyumba vyote haraka haraka, anapiga picha lukuki na kurudi nyumbani amechoka. Picha zinakaa kwenye simu mpaka siku anapozifuta apate nafasi ya video za harusi ya binamu yake.

Makumbusho hayakumnyima kitu. Alikwenda bila swali, akarudi bila jibu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na unasimama juu ya jambo moja: kila kitu kizuri utakachokiona kwenye kabati la kioo, kwenye mzunguko wa barabara au sokoni kilitengenezwa na mtu aliyebanwa. Mmoja alibanwa na miti mifupi, mwingine na rangi asiyoweza kuichanganya, mwingine na mvua, mwingine na tajiri aliyemlipa. Ukijua kilichombana na namna alivyojinasua, umepata kitu cha kupeleka kwenye kazi yako hata kama wewe ni mshonaji na yeye alikuwa mwashi. Ukichukua umbo peke yake, umepata nakala, na nakala za Dar es Salaam zimejaa tele.

Kwa hiyo kila utakaposimama, andika majibu ya maswali matatu. Mtu huyu alikuwa na nini mkononi? Nini kilimbana? Alifanya nini mpaka kikwazo kikamfaa?

Kabla hujatoka nyumbani

Chagua kazi moja iliyokwama na uiandike kwa sentensi moja juu ya ukurasa wa daftari. "Nataka gauni lisilopoteza kitambaa." "Nina mhusika ambaye hajulikani anataka nini." "Mteja anataka nembo itakayosomeka hata mgongoni mwa bajaji." Sentensi hiyo ndiyo tiketi yako halisi. Bila hiyo utatazama kila kitu na kutoka mikono mitupu.

Beba daftari lisilo na mistari, penseli na kifutio. Penseli inakubalika hata pale ambapo wino unaogopewa kuchafua. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha raia huwa nafuu kuliko cha mgeni. Uwe na pesa taslimu kidogo na salio la pesa kwenye simu, kwa sababu malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia mtandao. Vaa viatu vya kutembelea. Chukua maji, na uanze asubuhi, kwani kuanzia saa sita mchana jua la Posta halina huruma.

Simu ibaki mfukoni kwa robo saa ya kwanza ya kila kituo. Ukichora kitu, hata kwa mkono usiojua kuchora, unalazimika kuona mahali kiungo kinapokutana na kiungo; kamera inakuondolea kazi hiyo. Ukimaliza kuchora, omba ruhusa kisha upige picha ya kumbukumbu. Nje ya makumbusho, usielekeze kamera kwenye Ikulu, bandari, vituo vya polisi wala kambi za jeshi. Na ukiwa ukingoni mwa barabara usisimame umeishika simu mkononi huku ukishangaa; waporaji wa pikipiki nao wanatafuta mawazo.

Mzunguko wa kwanza: Posta

Mji wa kati unatembeleka kwa miguu. Panda mwendokasi hadi Posta ya Zamani au Kivukoni, kisha usogee taratibu. Jumapili asubuhi ndiyo nzuri kwa vitu vya barabarani, kwa sababu ofisi zimefungwa na magari ni machache.

Anza na Sanamu ya Askari, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe. Waingereza waliizindua mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mchongaji alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson, na maneno ya kumbukumbu yalitungwa na Rudyard Kipling. Askari amejiinamisha mbele, bunduki mikononi, singe ikielekea upande wa bandari. Wengi wetu tumepita hapo maisha yetu yote tukiwa kwenye daladala, tukaishia kulitumia jina lake kuelekezana njia.

Vuka kwa uangalifu, tafuta kivuli, halafu mtazame kwa kumzunguka. Angalia kwanza mwili: goti, bega na bunduki vinavuta jicho upande mmoja, kwa hiyo shaba iliyosimama tuli inaonekana inakwenda. Kisha jiulize nani hayupo. Kumbukumbu hii ni ya askari na wapagazi, lakini juu ya jiwe kuna askari peke yake. Stevenson huyo huyo alitengeneza kumbukumbu ya Nairobi, na kule alisimamisha watu watatu, mpagazi akiwamo. Dar es Salaam, ambako wapagazi walikuwa na kambi pale Kariakoo, hawakupata mwili.

Kuna jingine la kumfaa mwandishi. Enzi za Wajerumani mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana na kamanda wao, na chini yake palikuwa na askari wa Kiafrika akimtazama bwana wake kwa kuinua shingo. Baada ya vita sanamu hiyo ilipelekwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha isisimamishwe tena. Kwa hiyo ndani ya miaka michache mhusika aliyekuwa chini ya ngazi alipewa jukwaa zima, ingawa aliyempa jukwaa alikuwa mtawala mwingine aliyetaka kumtumia. Kama una hadithi iliyokwama, jaribu hilo: mwondoe bwana mkubwa, mwache yule aliyesimama miguuni pake, na uulize nani sasa anamlipa.

Shuka kuelekea baharini hadi Boma la Kale, karibu na Kanisa la Mtakatifu Joseph. Ni miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa ya mji huu, la miaka ya 1860, wakati Sultani Majid wa Zanzibar alipoamua kujenga mji hapa. Leo ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu wa majengo, chenye ramani na picha za jinsi jiji lilivyokua. Soma maonyesho, lakini usisahau kuta. Ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko.

Hapo pana somo kubwa la ubunifu wa pwani. Boriti ya mkoko iliyonyooka haipatikani kwa urefu wowote unaoutaka. Mwashi wa Kiswahili alijua hivyo kabla ya kuchora msingi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, kutoka Lamu mpaka Kilwa, ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi ukiwa kati ya mita mbili na nusu na tatu. Mti ndio uliopanga chumba. Mwashi hakulia kwamba mti ni mfupi. Alipanga vyumba vyembamba kimoja nyuma ya kingine, na kila ukiingia ndani zaidi unazidi kuwa faraghani. Kilichoanza kama upungufu wa boriti kikawa mpangilio wa heshima ya nyumba: mgeni huishia mbele, wenyewe hukaa ndani. Pima chumba kwa hatua zako na uandike. Kisha jiulize boriti yako ni ipi. Kwa mshonaji ni upana wa kitambaa; kwa mtangazaji wa redio ni sekunde 30 alizouziwa; kwa mwandishi ni kurasa alizopewa na mhariri. Anza kupanga kazi kutoka hapo, usisubiri kugongana napo mwishoni.

Ndani ya Makumbusho ya Taifa

Kutoka Boma la Kale ni mwendo wa miguu tu hadi Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Chuo cha Usimamizi wa Fedha na bustani ya mimea. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1940, na jengo la kwanza lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Siku hizi huitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Kuna vyumba vya historia, mambo ya kale, sanaa, na magari yaliyotumiwa na Mwalimu Nyerere. Usijaribu kuvimaliza vyote. Chagua vitu viwili au vitatu na ukae navyo.

Cha kwanza kiwe fuvu la Zinjanthropus. Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Muulize mhudumu kama unalolitazama ni lenyewe au nakala. Swali hilo hufungua mazungumzo, na wahudumu wa makumbusho wanajua mengi kuliko vibao vilivyobandikwa. Kisha tazama meno. Magego ni makubwa mno, meno ya mbele ni madogo. Panda na macho hadi utosini: kuna ukingo wa mfupa uliosimama katikati ya kichwa. Misuli ya taya ilijishikiza hapo. Mashavu nayo yamepanuka ili misuli hiyo ipate pa kupita. Kwa maneno mengine, kazi moja ya kutafuna chakula kigumu imepanga uso mzima, kuanzia jino hadi utosi.

Mchora katuni na mwandishi wa riwaya wakitazame kitu hiki kwa muda mrefu kuliko wengine. Mhusika wako anatafuna nini kila siku? Kama ni kinyozi, dereva wa lori au karani wa mahakama, kazi hiyo imeushika wapi mwili wake na imeipinda vipi lugha yake? Ukipata jibu moja la kweli, sura iliyobaki itajipanga yenyewe, na hutahitaji kuorodhesha rangi ya macho yake.

Cha pili ni vitu vya Kilwa. Kwenye vipande vya vyungu na vya kaure ya China utaona biashara ya Bahari ya Hindi ilivyofika hadi jikoni mwa watu wa pwani. Lakini ukibahatika kukuta sarafu, inama. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, ndogo kiasi cha kulala kwenye ncha ya kidole. Upande mmoja una jina la mtawala, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yakiwa yamepangwa yapatane vina na jina lile. Ubeti mmoja umegawiwa pande mbili, na msomaji lazima aigeuze sarafu ili kina kitimie.

Mwandishi wa matangazo asiponufaika hapo hatanufaika popote. Nafasi haikutosha maneno mengi, kwa hiyo mtunzi aliutumia mkono wa msomaji: tendo la kugeuza likawa sehemu ya utunzi. Una kadi ya mwaliko, kifungashio cha sabuni, fulana yenye mbele na nyuma? Acha kujaza upande mmoja. Gawa ujumbe, upande wa kwanza uulize na wa pili ujibu.

Mzunguko wa pili: Kijiji cha Makumbusho na Mwenge

Siku nyingine panda daladala la Mwenge au la Makumbusho. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966, kipo kandokando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, na hapo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake halisi, pamoja na vyombo vya ndani. Mwishoni mwa wiki mara nyingi huwa na ngoma alasiri. Piga simu au uliza getini kabla ya kupanga safari yako kwa ajili ya ngoma.

Usizunguke nyumba zote kwa mpangilio wa vibao. Chukua mbili zinazopingana uzilinganishe. Tembe ya Wagogo ni ya pembe nne, fupi, na paa lake ni bapa, la udongo juu ya miti. Msonge wa Wahaya ni wa mviringo, na nyasi zake zinashuka kutoka kileleni hadi karibu kugusa ardhi, kiasi kwamba huwezi kusema ukuta unaanzia wapi na paa linaishia wapi. Ukiambiwa tu kwamba haya ni "mila" umefunguliwa mlango ukaachwa kizingitini. Uliza kuhusu mvua. Ugogoni mvua ni haba na miti mikubwa ni michache, kwa hiyo paa bapa la udongo linatosha, na udongo unazuia joto la mchana. Bukoba mvua inanyesha sana, kwa hiyo kila unyasi umeelekezwa chini ili maji yasipate pa kutua. Ukimtoa Mhaya na msonge wake ukamweka Dodoma, utaona mara moja kipi ni urembo na kipi ni hesabu.

Ingia ndani ya nyumba moja, inama mlangoni, kaa kimya mpaka macho yazoee giza. Angalia mwanga unaingilia wapi na unaangukia nini. Mpiga picha na mwongozaji wa filamu watajifunza zaidi kwa kukaa hapo kuliko kwa kusoma kuhusu taa.

Kutoka hapo endelea na barabara ile ile hadi Mwenge, kwenye vibanda vya vinyago. Maduka ya mbele yana twiga wanaofanana, wamepangwa kwa urefu. Pita uende nyuma, ambako unasikia tezo na patasi. Hapo ndipo chuo kilipo. Salimia kwanza. "Shikamoo mzee. Naomba kukaa kidogo nitazame mnavyofanya kazi, sipigi picha." Akikuambia "Marahaba, karibu, kaa hapo kwenye gogo," umepata mwalimu.

Tazama gogo kabla halijaguswa. Mpingo hukua polepole sana. Shina lake ni jembamba, mara nyingi limepinda, na huenda likawa na uwazi ndani. Ukikatwa, mpingo ni mweusi katikati na pembezoni pana utando wa mti mweupe. Kwa gogo kama hilo huwezi kuchonga chochote kinachotaka upana. Wachongaji wa Kimakonde walipata njia mbili maarufu. Moja ni ya miaka ya 1950, inayohusishwa na Samaki Likankoa: vinyago vya mashetani, ambamo kila pindo na tundu la mti linakuwa kiungo cha kiumbe. Nyingine, inayohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, ni ile inayojulikana kwa jina la ujamaa: watu wengi wamepandiana kwenye mnara mmoja, mwingine kabeba mwingine, wote kutoka gogo moja. Wembamba wa shina ndio uliowapandisha watu juu.

Angalia mkono wa fundi anapofika kwenye utando mweupe. Wengine huuondoa wote. Wengine huuacha kwa makusudi, ukawa kilemba, kanga au mgongo wa samaki. Baadaye huja tupa, halafu msasa, wa kukwaruza kwanza na laini mwishoni, mpaka mti unang'aa wenyewe. Ukiona kinyago cheusi chepesi, kikwaruze chini kwa ukucha. Huenda ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Mpingo wa kweli una uzito unaoshtua mkono.

Mzunguko wa tatu: Morogoro Stores na Nafasi

Tingatinga unaiona kila mahali, kwenye sahani, kwenye fulana, hata kwenye kuta za hoteli, mpaka jicho limeizoea na kuacha kuiona. Nenda Oysterbay, Barabara ya Haile Selassie, kwenye chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores, ukaitazame upya.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasanii. Alichokuwa nacho ni mbao laini za kiwandani, zilizokatwa vipande vya mraba vya takriban sentimita 60, na rangi za kung'aa za makopo, zile za kupakia baiskeli na milango. Alifariki mwaka 1972, akiwa na miaka 40, kwa risasi ya polisi waliodhani ni mhalifu. Miaka ya kazi yake haikufika mitano. Ndugu na wanafunzi wake ndio walioiendeleza.

Sogea karibu na picha moja. Rangi ya kopo ni nzito na hukauka ikiwa na ngozi ya kung'aa. Haikubali kuchanganywa taratibu ili kivuli kiyeyuke ndani ya mwanga. Basi mchoraji haombi kivuli. Anapaka mandhari ya nyuma kwanza, pengine ya rangi mbili zinazokutana katikati, anaacha ikauke, kisha anaweka mnyama mmoja mkubwa anayejaza mraba, halafu mstari wa kumzunguka, halafu madoa. Madoa yale yanafanya kazi ya kivuli: ndiyo yanayoupa mwili uhai. Muulize mchoraji anaanza na rangi ipi na anasubiri muda gani kabla ya kuweka ya pili. Mpangilio wa hatua ndio siri ya mtindo huu, na siri hiyo huioni kwenye fulana.

Siku hiyo hiyo pitia Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008. Karakana za wasanii zimewekwa ndani ya makontena ya mizigo. Hapa unakutana na watu wa rika lako ambao kazi yao bado haijakamilika, na kazi isiyokamilika inafundisha kuliko iliyokwisha kutundikwa. Uliza kilichokataa, na walifanya nini kilipokataa.

Mzunguko usio na kiingilio: Kariakoo

Soko la Kariakoo lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo wa Kitanzania, na likajengwa miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, kisha likafanyiwa ukarabati. Inua macho kwenye paa: ni zege iliyopandishwa kwa nguzo zinazopanuka juu kama miavuli iliyopinduliwa. Joto la Dar es Salaam na mvua ya masika ndivyo vilivyombana Amuli, na paa lake linajibu vyote viwili: kivuli na hewa chini, mkondo wa maji juu.

Ukitoka hapo nenda Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga. Kila kanga ina pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani mstari mmoja wa maneno. Mwandishi wa jina hilo amepewa mstari mmoja tu, na msomaji wake ni jirani anayepishana na mvaaji uchochoroni. Soma majina ishirini dukani bila kununua, uone ni mangapi yanataja jambo moja kwa moja na ni mangapi yanalizungukia. Kisha simama kituoni usome migongo ya daladala na bajaji. Msomaji wa hapo ana sekunde chache, na gari linaondoka. Yaliyosomeka na yakabaki kichwani, yaandike pamoja na aina ya herufi, rangi na mahali yalipowekwa.

Kutoka daftarini kwenda kazini

Mawazo ya matembezi huoza upesi. Jipe siku mbili. Kaa na daftari, rudia ile sentensi ya mwanzo, na ujiwekee kimoja kati ya vikwazo ulivyoviona.

Kikwazo cha Tingatinga: mraba mmoja, rangi nne, hakuna kuchanganya. Kinamfaa mchoraji, na kinamfaa pia msanifu wa nembo.

Kikwazo cha sarafu: ujumbe wa pande mbili, kila upande usizidi maneno manne, na upande mmoja usieleweke bila mwenzake.

Kikwazo cha boriti: tafuta kipimo kimoja kisichobadilika katika kazi yako, kisha kila sehemu nyingine ipimwe kwa hicho.

Kikwazo cha mpingo: chukua malighafi yenye kasoro, kitambaa chenye doa au mahojiano yaliyokatika katikati, na uifanye kasoro iwe mahali ambapo jicho linatua.

Kikwazo cha Askari: andika tukio lile lile huku mhusika mkuu ameondolewa.

Fanya rasimu tatu za haraka kwa kikwazo kimoja. Ya kwanza huwa nakala ya ulichokiona, na hilo ni la kawaida. Ya tatu ndiyo huanza kuwa yako.

Kuhusu nakala, kuna mpaka wa kuheshimu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kujifunza mpangilio wa hatua za mchoraji ni halali na ni heshima; kuchukua picha yake, kuibadilisha rangi na kuichapa kwenye mifuko ya kuuza ni wizi, hata kama hakuweka saini. Ukipenda kazi, inunue kwa aliyeitengeneza. Ukishindwa bei, nunua ndogo. Ukiionyesha, taja jina lake.

Na usiende mara moja ukaridhika. Panga mzunguko mmoja kwa mwezi, na ukirudi mahali ulipokwisha kufika, nenda na kazi nyingine iliyokwama. Kitu kile kile kitakupa jibu jingine. Nenda na mwanafunzi, mwanao au fundi mwenzako, kila mmoja na daftari lake, mlinganishe baadaye mlichochora. Makumbusho yetu huwa na watalii na wanafunzi waliopangwa mistari, lakini mafundi wa jiji hili ni wachache mno humo ndani. Vitu vile vilitengenezwa na mafundi. Nendeni mkavisome.